Injini Chini ya Turubai

Mke wa ami yangu aliijua saa ya kuteleka birika kwa sikio. Nyumba yao iko mwisho wa kichochoro mjini Mombasa, na kabla ya kichochoro pana kona. Ami alipoifikia kona hiyo alipunguza gia, injini ikanguruma mara moja kwa sauti nzito, kisha ikakohoa kidogo. Hapo hata sisi watoto tuliokuwa tukicheza barazani tulijua mwenye nyumba amerudi, na kwamba chai itakuwa tayari kabla hajavua viatu.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z: milango miwili, boneti ndefu kama pua ya papa, rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua. Ami alilinunua likiwa limeshapitia mikono ya wengine, na sababu yake ilikuwa moja tu. Usiku mmoja wa Safari Rally, alipokuwa kijana, alisimama kando ya barabara akaliona gari la aina hiyo likipita limetapakaa tope, na tangu hapo hakupona. Waliougua ugonjwa huo walikuwa wengi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano hayo kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo baada ya kulingana pointi za adhabu na Datsun nyingine. Vijana wa wakati huo walilitaja jina la gari kama wengine wanavyotaja jina la mchezaji wa mpira.

Ami alifariki. Gari likakaa uani chini ya mkungu, miaka ikapita, na chumvi ya bahari ikafanya kazi yake. Kisha mwanawe, binamu yangu, akatangaza kwamba atalijenga upya, hapo hapo uani, kwa mikono yake, na kwamba halitakuwa tena la petroli. Alikuwa amepata gari la umeme, Nissan Leaf, lililogongwa ubavuni. Mota yake nzima, betri zake nzima. Tangu siku hiyo nina swali ambalo halijaniacha: mtu anayelifufua gari la baba yake huku akiling'oa injini, anatunza au anabadilisha? Na kama anafanya yote mawili, kipi kinamtumikia mwenzake?

Tuanze na maneno, maana Kiswahili hakikusema ovyo katika jambo hili. Kitu kilichochoka tunakiita kikuukuu. Gari likifika hapo tunaliita mkweche. Kitu tunachokistahi kwa miaka yake tunakiita cha kale. Miaka ni ile ile, lakini maneno hayakutani. Nguo ya miaka arobaini inaweza kuwa tambara, na nyingine ya umri huo huo ikawa inatolewa kashani siku ya harusi tu. Kwa hiyo uchakavu ni kazi ya wakati juu ya kitu, ilhali ukale ni kazi ya watu juu ya wakati. Kitu hakiwi cha kale kwa kukaa tu. Huwa cha kale siku anapopatikana mtu wa kusema: hiki kisipotee. Gari la ami lilikuwa mkweche chini ya mkungu kwa miaka mingi, likawa gari la kale asubuhi moja, kabla bolti hata moja haijalegezwa.

Wapita njia hawakuliona hilo. Wao waliuliza gharama. “Kwa pesa hizo si ungenunua Leaf nzima, ikabaki na ya kununulia kanzu?” Swali lao lina haki yake, lakini ni swali la bei, na bei huulizwa na mtu anayefikiri kununua au kuuza. Thamani huulizwa na anayebaki na kitu. Ndiyo maana vitu vingine nyumbani vina thamani kubwa na bei ndogo, na aibu huanza pale tunapolazimishwa kuvitaja vyote kwa lugha moja. Wengine walidhani anaokoa mazingira. Naye hakuwakatalia, ila gari linalotoka Jumapili kwenda na kurudi pwani halitaibadilisha hewa ya dunia, na yeye analijua hilo. Sababu hizo mbili zinafaa kumjibu mtu aliye na haraka. Hazimtoshi mtu anayelala uani chini ya gari usiku, tochi mdomoni.

Aliyeuliza swali zito alikuwa mzee mmoja wa barazani. Aliichungulia injini ikiwa imening'inia kwenye mnyororo, akatikisa kichwa, akasema: “Mwacha asili ni mtumwa.” Akaondoka. Methali ikabaki uani pamoja nasi.

Asili ni nini? Neno hili lina vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni chanzo: mahali jambo lilipoanzia. Cha pili ni hulka: kile ambacho kitu hakiwezi kukiacha kikabaki chenyewe. Tukiingia chumba cha kwanza, mzee ameshindwa mapema. Gari la kwanza kupita kasi ya kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme: La Jamais Contente, lililoendeshwa na Camille Jenatzy huko Achères, Ufaransa, mwaka 1899. Umeme si mgeni aliyeingia jana katika ukoo wa magari ya mbio. Alikuwapo kabla petroli haijajua kukimbia. Lakini jibu hilo ni la ujanja. Mzee hakuwa akisema habari ya magari yote. Alikuwa akisema habari ya hili, ambalo alilisikia likipita mlangoni kwake kwa miaka mingi.

Basi hulka ya gari hili iko wapi? Dola ina jibu lake, nalo limeandikwa kwenye logbook: namba ya chasi na namba ya injini. Ya kwanza imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, ikianza na HS30, na bado inasomeka ukiifuta kwa kidole. Ya pili sasa inataja chuma kilicho sakafuni. Kwa karatasi, basi, gari limebaki nusu ya lilivyokuwa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, ni kali zaidi: gari lililotolewa injini yake likatiwa umeme halihesabiwi tena kuwa gari la kihistoria. Kwa anayeshikilia kufanya hivyo, linamshauri angalau mabadiliko yaweze kurudishwa nyuma, na vipuri vya kwanza vihifadhiwe. Binamu aliusoma ushauri huo kwa makini zaidi kuliko hukumu iliyoutangulia, na nitarudi hapo.

Watu wa mwambao tuna jibu la tatu, nalo halikuandikwa popote kwa sababu limeegeshwa bandarini. Jahazi likipandishwa pwani, mafundi hutoa ubao uliooza wakatia mwingine, wakasindilia pamba nyufani kwa kalafati, likarudi majini. Mwaka ujao ubao mwingine, na mwingine. Baada ya umri wa mtu mmoja, mbao za kwanza zinahesabika kwa vidole. Wengine wakatia mashine, na tanga likabaki kwa siku ya dharura. Wagiriki walikigeuza kisa cha namna hii kuwa kitendawili kwa merikebu ya Theseus. Sijapata kumsikia baharia wa Mombasa akikosa usingizi kwa ajili yake. Jahazi ni lile lile kwa sababu jina ni lile, nahodha ni yule au mwanawe, na aliyepotelewa na mzigo anajua mlango wa kubisha. Kwa jibu hili, kitu kinabaki kile kile maadamu yupo mtu anayewajibika kwacho.

Jibu hili linanivutia, lakini sitaki kulikubali upesi. Likiwa kweli tupu, basi binamu angeweza kutupa kila kitu, akanunua bodi mpya, milango mipya, viti vipya, akaapa kwamba yeye ni mrithi na gari ni lile. Tungemwamini? Nadhani tungemwonea huruma. Wajibu unahitaji kitu cha kushika. Nahodha hurithi jahazi, hawezi kurithi hewa. Kwa hiyo inatupasa kuuliza: kati ya vyote vilivyomo katika kitu, ni kipi kinachostahili kushikwa?

Wengi watajibu: sauti. Na hapa ndipo penye hasara ya kweli, wala si vizuri kuipaka asali. Injini ile ya silinda sita ilikuwa na kabureta mbili, na kuzilinganisha lilikuwa somo la sikio. Ami alichukua kipande kifupi cha mpira, ncha moja mdomoni mwa kabureta, ncha nyingine sikioni, akasikiliza mvumo wa hewa. Akahamia ya pili. Akageuza skrubu robo ya robo. Akarudi ya kwanza. Alimfundisha mwanawe hivyo hivyo, bila kusema neno, kwa kumpa mpira. Injini ikiondoka, elimu ile haina tena pa kukaa. Mahali pake imekuja elimu nyingine, ya glavu nene na nyaya za rangi ya chungwa, zenye umeme wa zaidi ya volti 300 usionguruma kabla ya kuua. Elimu hiyo binamu alijifunza mwenyewe, usiku, kwa hofu. Anaweza kuirithisha. Lakini hakuirithi, na hizo ni hali mbili tofauti.

Mpwa wetu mmoja alipendekeza dawa: arekodi mngurumo wa injini kabla haijang'olewa, kisha atie spika chini ya boneti. Binamu alimtazama kwa upole, akasema, “Baba hakuwa kaseti.” Nimelifikiri sana jibu hilo. Kumbukumbu ni kile kinachokaa ndani ya mtu bila kuitwa. Ukumbusho ni kitu tunachokiweka nje ili kutushtua tusisahau. Uigaji ni jambo la tatu: ni kumfanya asiyekuwapo aonekane yupo, ili tusihitaji kukumbuka. Mngurumo wa kona ulikuwa na maana kwa sababu ulitoka kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani kweli. Spika ingemleta kila jioni mtu ambaye hatarudi. Kimya ni kigumu zaidi, lakini hakimdanganyi mjane.

Kama si sauti, basi nini? Jibu nililiona mlangoni. Mlango wa dereva wa gari lile haufungi mpaka uuinue kidogo kwanza, kama unayemwinua mtoto aliyesinzia, ndipo usukume. Bawaba ilichoka zamani. Binamu alipopanga orodha ya kazi, bawaba ilikuwamo. Siku ya kuifikia aliigusa, akaufungua na kuufunga mlango mara tatu, akaifuta kwenye orodha. Lakini sakafu ya gari, ambayo kutu ilikuwa imeila mpaka unaona ardhi, aliikata yote bila kusita na kuchomelea bati jipya.

Kwa nini kimoja kiachwe na kingine kikatwe, na vyote viwili ni makovu ya miaka? Nadhani tunahitaji kutenga kasoro na ubovu. Ubovu ni kile kinachokula kitu. Ukikiacha, kesho kitu hakipo. Kasoro ni kile kinachomlazimisha mtu ajue jinsi ya kukishika kitu. Ubovu hauna urafiki na yeyote. Kasoro ina watu wake: wale wanaojua kwamba mlango huu huinuliwa. Mgeni huutupa kwa nguvu ukamrudia, mwenyeji huuinua bila kufikiri. Hata watu tunaowapenda hatuwatambui kwa ukamilifu wao. Tunawatambua kwa mguu unaoburuta kidogo ngazini, kwa kikohozi kabla ya kubisha hodi. Kinachostahili kushikwa, basi, si lazima kiwe kikubwa wala cha thamani sokoni. Ni pale ambapo kitu na mkono vilifundishana.

Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan katika mkusanyiko wake huko Zama, Japani. Lina injini yake na heshima zote, na hakuna anayeukaribia mlango wake kwa haraka ya kwenda sokoni. Silidharau, dunia inahitaji mahali pa kukiona kitu kama kilivyokuwa. Lakini kule wamekitunza kitu, na huku uani binamu anatunza mazoea. Hakuna awezaye kumpa mwenzake alicho nacho.

Upande wa umeme nao una undugu wake. Datsun lilikuwa jina la magari ya Nissan, hivyo mota ya Leaf iliyoingia chini ya boneti ni ya ukoo, kana kwamba babu amepewa moyo wa mjukuu. Na jina hilo lenyewe lilijengwa upya. Mwanzoni lilikuwa Datson, mwana wa DAT, herufi za kwanza za majina ya watu watatu waliotoa mtaji wa kampuni. Baadaye silabi ya mwisho ilibadilishwa, kwa kuwa “son” kwa Kijapani husikika kama neno la hasara. Herufi moja ilitolewa ikatiwa nyingine, na hakuna aliyelia. Ukitafuta kitu kisichowahi kuguswa, huenda usikipate hata kwenye nembo.

Sasa nirudi kwenye ushauri ule wa kurudisha nyuma. Binamu alijiwekea sharti moja: ukiacha kutu, hatakata chochote. Mota imefungwa kwenye matundu yale yale yaliyotobolewa Japani kwa ajili ya injini. Hakuna tundu jipya hata moja kwenye mwili wa gari. Kipande kisichokubali kukaa bila kutoboa kilitengenezwa upya mpaka kikakubali, na kimoja kilimchukua miezi miwili. Hata geji ya petroli aliibakiza, akaifundisha kuonyesha chaji. Mshale wa ami unapanda na kushuka kama zamani, ila unasema habari nyingine.

Mtu anaweza kumkosoa. Anaweza kusema: huyu hajaamua. Anayeweka njia ya kurudi hajaondoka. Mguu mmoja chomboni, mmoja pwani. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa maamuzi mengi mema maishani ni yale tuliyojifungia ndani. Lakini naona inachanganya kusita na staha. Kusita ni kuuacha mlango wazi kwa ajili yako mwenyewe. Staha ni kuuacha wazi kwa ajili ya atakayekuja. Binamu hatairudisha injini. Amekwisha sema, na nyaya zimekwisha fungwa. Njia ya kurudi si yake.

Na hapa naona chumba cha tatu cha neno asili, ambacho wote wawili, mzee wa barazani na mimi, tulikipita bila kubisha. Mafakihi wanapoeleza wakfu husema kwamba asili huzuiwa na matunda yake hutolewa. Shamba la wakfu halikatazwi kulimwa. Minazi mikongwe huanguka, mipya hupandwa, nazi huliwa na watu ambao mwenye kuweka wakfu hakuwajua. Kinachokatazwa ni kulimaliza: kuliuza au kuligawa, hata anayekuja nyuma asikute kitu cha kulima. Katika maana hii, asili si kile usichoruhusiwa kukigusa. Ni kile usichoruhusiwa kukimaliza. Mali ni kitu unachoweza kukila kikaisha. Amana ni kitu unachokula matunda yake ukiwa umesimama kwenye foleni, kuna watu mbele yako na kuna watu nyuma. Nikiisikiliza methali kwa sikio hilo, anayeiacha asili si aliyebadilisha injini. Ni yule aliyekata palipobaki, kwa kuamini kwamba yeye ndiye wa mwisho kuwa na maoni.

Nadhani hicho ndicho kitu kama hiki kinachotufunulia kuhusu wakati. Tumezoea kuuogopa kwa kile unachokichukua: kutu, sauti, wazee wetu. Tunasahau kwamba sisi wenyewe ni wakati kwa wale wanaotufuata. Watakuta tulichokiacha kama sisi tulivyokikuta chini ya mkungu, na hawatatofautisha sana kati ya kilicholiwa na chumvi na kilicholiwa na uhakika wetu.

Jioni gari lilipotoka kwa mara ya kwanza, binamu hakumwambia mama yake. Alizunguka mtaa, akaifikia kona, akarudi kichochoroni kimya kabisa, magurudumu tu yakisaga mchanga. Mama alikuwa jikoni. Hakusikia kitu. Kisha mlango wa dereva ukainuliwa kidogo na kusukumwa. Nilimwona akisimama, mkono juu ya meza, akisikiliza. Akachukua birika. “Chai itachelewa leo,” akasema, “mbona hamkunguruma?”

Injini ya ami ipo pembeni ya ua, juu ya mbao mbili, chini ya turubai. Kila mwanzo wa mwezi binamu huifunua. Binti yake hudondosha oili kidogo katika matundu sita ya plagi, moja moja, akihesabu kwa sauti. Kisha baba huweka spana mbele ya mhimili na kuuzungusha kwa mkono, ili pistoni zisishikane na kutu. Mwezi uliopita spana alipewa binti. Ni nzito kwake. Aliivuta kwa mikono miwili, mguu ukikanyaga ubao. Akauliza ni nani atakayekuja kuiwasha. Baba yake akamwambia bado hajajulikana, amalizie mzunguko wa pili. Akamalizia, wakarudisha turubai.